Mbegu mpya ya mpunga isipimwe kwa tani peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu jinsi mbegu mpya za mpunga zinavyotangazwa, magazetini na hata katika taarifa za watafiti wenyewe. Kila mbegu inapotolewa habari huwa ni ile ile: inatoa tani kadhaa kwa hekta, inakomaa kwa siku kadhaa, inahimili ugonjwa fulani. Ni nadra msomaji kuelezwa mpunga huo ukikobolewa unatoa punje nzima kiasi gani, wali wake unachambuka au unashikana, na ukilala unabaki laini au unakuwa mgumu. Mimi nafanya kazi katika maabara ya ubora wa nafaka, mahali ambapo watafiti wa mbegu huleta vifuko vyao vya mpunga na mara nyingi huondoka na majibu ambayo hawakuyatarajia. Ninachotaka kusema ni kwamba ubora wa punje unapaswa kuwamo katika malengo ya kwanza ya mtafiti wa mbegu, tangu siku anapochagua wazazi wa kuchavusha, wala usiachwe uwe kipimo cha mwisho kinachofanywa wakati mbegu imekwisha kuandaliwa jina na sherehe ya kuizindua.

Tuanze mashineni. Kilo 100 za mpunga uliokaushwa vizuri zikikobolewa, takriban kilo 20 huondoka kama maganda na nyingine 8 hadi 10 huondoka kama pumba. Mchele unaobaki, hali ikiwa nzuri, ni kilo kama 70, lakini ndani ya kilo hizo 70 kuna punje nzima na kuna chenga, na mgawanyo wa hizo mbili hutofautiana mno kutoka mbegu hadi mbegu. Kwa kawaida punje huhesabiwa kuwa nzima ikiwa imebaki na angalau robo tatu ya urefu wake. Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mbegu ya kwanza inatoa tani 6 za mpunga kwa hekta, na punje nzima ni asilimia 40 ya uzito wa mpunga huo. Mbegu ya pili inatoa tani 5, na punje nzima ni asilimia 55. Katika taarifa ya habari ya kwanza ndiyo bingwa. Ghalani, ya kwanza imeacha tani 2.4 za mchele mzima na ya pili tani 2.75. Mkulima aliyepanda ile ya kwanza ametumia mbolea, maji na vibarua kuzalisha chenga, kisha anashangaa mnunuzi anapokunja uso.

Kwa nini punje inavunjika? Sababu mojawapo inaonekana kwa macho. Mwaga mchele kidogo juu ya kioo chenye taa chini yake, utaona punje zilizo angavu kama ukucha na nyingine zenye ukungu mweupe tumboni au katikati. Ukungu huo si rangi. Ukiikata punje kwa wembe na kuitazama kwa hadubini, utakuta kwamba katika sehemu angavu chembe za wanga zimebanana bila mwanya, ila katika sehemu nyeupe chembe ni za mviringo, zimekaa ovyo, na kati yake mna hewa inayotawanya mwanga. Sehemu hiyo ni dhaifu; mashine ikiibana, ndipo inapokatikia. Ukipika, ukungu unapotea na punje inaonekana kama nyingine, kwa hiyo wapo wanaosema kwamba ni suala la sura tu. Si la sura tu, kwa sababu punje nyingi za namna hiyo hazifiki chunguni zikiwa nzima.

Ukungu huu una mizizi katika jeni na katika hali ya hewa pia, jambo linalowapa watafiti kazi kubwa. Wastani wa joto la usiku na mchana ukizidi nyuzi 26 au 27 katika siku 20 za mwanzo baada ya masuke kuchomoza, aina nyingi za kundi la japonika, yaani mpunga wa namna unaolimwa Japani, huanza kutoa punje nyeupe, maana mmea hauwahi kuijaza punje kwa utaratibu wake wa kawaida. Nchini Japani, majira ya joto kali ya mwaka 2010 yalishusha daraja la mchele katika mikoa mingi iliyotegemea aina maarufu ya Koshihikari. Zipo mbegu zilizotafutwa makusudi ili zihimili joto hilo, mojawapo ikiitwa Nikomaru, na kupatikana kwake kunaonyesha kwamba tabia hii inaweza kuchaguliwa ikiwa mtu ameamua kuichagua. Kadiri usiku unavyozidi kuwa wa joto katika nchi zinazolima mpunga, ndivyo mtafiti anayepima mavuno tu atakavyozidi kupitisha mbegu ambazo mashine ya kukoboa itazikataa.

Somo hili si geni. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, yenye makao yake Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8, iliyotokana na kuchavusha aina ya Peta kutoka Indonesia na aina fupi ya Dee-geo-woo-gen kutoka Taiwan. Mimea ya zamani ilikuwa mirefu, ikipewa mbolea inaanguka. IR8 ilikuwa fupi, shina lake imara, na ilitoa mavuno ambayo wakulima wengi hawakuwa wamepata kuyaona. Sifa hiyo inastahili na sina nia ya kuipunguza. Lakini punje zake zilikuwa nene, zenye tumbo jeupe, zilizovunjika sana mashineni, na wali wake ulikuwa mgumu ukishapoa. Walaji waliinung'unikia na masokoni ilishushwa bei. Ilibidi kazi ya miaka mingi ifuate, chini ya uongozi wa Gurdev Khush, mtafiti wa mbegu wa IRRI, na wenzake, kurudisha katika mimea mifupi kile ambacho kilikuwa kimeachwa nyuma, na mwaka 1985 ikatoka IR64. Mbegu hii ilienea katika zaidi ya hekta milioni 10 ndani ya miongo miwili. Ilikuwa na mavuno mazuri, ilikomaa mapema na ilihimili magonjwa na wadudu kadhaa, lakini kilichoifanya ing'ang'aniwe hata zilipokuja mbegu nyingine za kuipiku ni kwamba wali wake ulipendwa. Kati ya 1966 na 1985 ni miaka 19. Sidai kwamba yote ingeokolewa kama ubora ungetangulizwa, maana vifaa vya wakati ule vilikuwa na mipaka yake. Ila sisi wa leo hatuna kisingizio hicho.

Nije sasa kwenye upishi, ambako ndiko lilipo shauri kubwa. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi, zaidi ya asilimia 25, punje huachana vizuri zikiiva lakini wali ukipoa hukakamaa. Ikiwa chini ya asilimia 20 wali huwa laini na hushikana. Kati ya 20 na 25 hupatikana wali unaochambuka na kubaki laini. Ikikaribia sifuri, wali hunata kabisa. Tofauti hizi kwa sehemu kubwa zinatawaliwa na jeni moja iliyo katika kromosomu ya sita, inayojulikana kwa jina la Waxy, na maumbo yake mbalimbali yanafahamika vizuri kiasi kwamba kipande cha jani la mche mchanga kinatosha kumwambia mtafiti mmea huo utaangukia kundi gani. Hakuna tena sababu ya kusubiri vizazi sita ili kugundua kwamba familia nzima ya mimea ina wali usiotakiwa.

Amilosi haimalizi habari. Mbegu mbili zenye amilosi sawa zinaweza kuiva kwa muda tofauti, kwa sababu wanga wa moja huanza kuvimba na kulainika katika joto la chini ya nyuzi 70 na wa nyingine ukangoja hadi zaidi ya nyuzi 74. Kipimo tunachotumia kwa hili ni cha zamani, cha bei nafuu, na mimi binafsi nakipenda kuliko mashine nyingi za kisasa. Punje sita nzima zilizong'arishwa hupangwa katika kisahani kidogo, zikamiminiwa mililita 10 za myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 1.7, kisahani kikafunikwa na kuachwa kwenye joto la nyuzi 30 kwa saa 23. Siku ya pili unafungua. Punje za mbegu moja zimelala kama zilivyowekwa, hazikuguswa na chochote. Za nyingine zimevimba, zimepasuka ubavuni na kuzungukwa na utando mfano wa ukosi wa shati. Za nyingine zimeyeyuka na kuacha wingu tu. Tunazipa alama kuanzia 1 hadi 7. Ninapokuta katika kisahani kimoja punje nne zimeyeyuka na mbili ziko nzima, najua kwamba ukoo ule haujatulia, kwamba bado unagawanyika, na mtafiti anayeniambia kuwa mbegu yake iko tayari kutolewa namrudisha shambani kwa heshima zote.

Harufu nayo ina mambo yake. Mchele wa kunukia hupata harufu yake hasa kutokana na kampaundi inayoitwa 2-asetili-1-pirolini, na mwaka 2005 ilibainishwa kwamba chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya BADH2 iliyo kwenye kromosomu ya nane. Katika aina nyingi za mchele wa kunukia, jeni hiyo imepungukiwa na herufi 8 za vinasaba, hivyo kimeng'enya ambacho kingezuia kampaundi hiyo kujilimbikiza hakitengenezwi ipasavyo. Kwa maneno mengine, mlaji analipia zaidi jeni iliyoharibika. Urefu wa punje una habari inayofanana: mwaka 2006 ilitambuliwa jeni ya GS3 katika kromosomu ya tatu, ambayo ikivunjika punje hurefuka. Kinachofuata ni muhimu kwa yeyote anayefadhili utafiti. Tabia inayotokana na jeni iliyovunjika kwa kawaida hujificha pale mmea unapokuwa na nakala moja nzima; lazima nakala zote mbili ziwe zimevunjika ndipo tabia ijitokeze. Ukichavusha mbegu ya kunukia kwa isiyonukia, kizazi cha kwanza hakinukii, na katika kizazi cha pili ni robo tu inayonukia. Mtafiti ambaye hakuweka harufu katika malengo yake tangu mwanzo, akachagua mimea michache yenye masuke makubwa kuliko yote, ana uwezekano mkubwa wa kuitupa robo ile bila kujua.

Zamani uchaguzi wa harufu ulifanywa kwa pua: majani yanakatwakatwa, yanatiwa katika tyubu yenye myeyusho hafifu wa hidroksidi ya potasiamu, yanaachwa kidogo kisha yananuswa. Kipimo hicho kinafanya kazi, lakini pua huchoka baada ya sampuli chache na mtu akaanza kusikia harufu hata isipokuwepo. Kipimo cha vinasaba hakichoki. Kwa njia za kawaida na kwa subira nyingi, watafiti wa India walifanikiwa mwaka 1989 kutoa Pusa Basmati 1, mbegu fupi yenye mavuno mazuri iliyobeba harufu na urefu wa punje vya mababu zake warefu, na mwaka 2003 wakatoa Pusa 1121, ambayo punje yake iliyopikwa hurefuka kupita kiasi, hata kuzidi milimita 20. Wanaosema kwamba mavuno na ubora ni maadui wa kudumu wanapaswa kuzitazama mbegu hizo mbili kabla ya kuendelea na hoja yao.

Kuna eneo ambalo uadui huo unaelekea kuwa wa kweli, nalo ni mpunga chotara, yaani mbegu ya kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti waliochavushwa. Mbegu chotara zilianza kutumika mashambani nchini China mwaka 1976, kutokana na kazi ya Yuan Longping na wenzake, na faida yake ya mavuno haina ubishi. Lakini mahindi chotara na mpunga chotara havifanani machoni pa mlaji, kwa sababu mchele huliwa punje kwa punje bila kusagwa. Mmea uliopandwa na mkulima ni kizazi cha kwanza na wote shambani wanafanana, ilhali punje zinazovunwa juu yake ni kizazi cha pili, na kila punje imepata mgawo wake wa jeni za wanga za wazazi wale wawili. Sura ya nje ya punje inafuata ganda, na ganda ni la mmea mama, kwa hiyo gunia linaonekana la mbegu moja. Ndani yake, ikiwa wazazi walitofautiana kwa amilosi, zimo punje za wali laini na za wali mgumu zikipikwa chungu kimoja. Na ikiwa mzazi mmoja tu ndiye aliyekuwa wa kunukia, robo tu ya punje ndiyo inayonukia. Tiba inajulikana: wazazi wote wawili wachaguliwe wakiwa na ubora unaolingana. Ni tiba ghali, kwa maana inapunguza idadi ya wazazi wanaoweza kutumika, na ndiyo maana haifuatwi pale ambapo anayelipia kazi anauliza tani peke yake.

Watafiti wa mbegu wana utetezi wao na ni haki niutaje. Katika vizazi vya mwanzo kila mmea unatoa mpunga kidogo, na sehemu kubwa ya huo inahitajika kupandwa msimu unaofuata. Kipimo cha kukoboa kinataka gramu mia moja au zaidi ili kiaminike. Ndiyo sababu kwa desturi ya vituo vingi ubora ulipimwa mwishoni, wakati mamia ya koo yamekwisha kuchujwa yakabaki machache. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Tangu ramani kamili ya vinasaba vya mpunga ilipokamilishwa mwaka 2005, na mwaka 2014 zikatangazwa ramani za aina 3,000, jeni nyingi zinazohusu wanga, harufu na umbo la punje zinaweza kusomwa kwenye jani. Vifaa vya miale ya infraredi hukadiria amilosi na protini bila kuiharibu punje, na kamera ya kawaida ikiunganishwa na programu ya kompyuta huhesabu punje zenye ukungu mweupe katika sekunde chache. Hazina ya wazazi nayo ipo: benki ya mbegu ya IRRI inahifadhi sampuli zaidi ya 130,000. Kinachopungua ni uamuzi, na fedha za kuajiri mtu wa ubora akae meza moja na mtafiti wa mavuno siku ya kupanga uchavushaji.

Nimewahi kuambiwa kwamba mwenye njaa hachagui, na kwamba kuzungumzia harufu na wembamba wa punje ni anasa. Sikubaliani. Mkulima anayelima mpunga wa kuuza hali tani zake. Anazigeuza kuwa fedha, na fedha hiyo hupungua kila punje inapovunjika. Wakulima wasio na ziada ndio wanaoumia zaidi, maana hawawezi kungoja mnunuzi mwingine. Aidha, mbegu yenye mavuno makubwa ambayo familia ya mkulima haifurahii wali wake hupandwa msimu mmoja au miwili, kisha shamba linarudi kwenye mbegu ya zamani, ndefu, inayoanguka na kuzaa kidogo, kwa sababu inapikika. Mtu akihesabu gharama ya miaka kama kumi ya utafiti iliyoishia hapo, ataona ni nani hasa anayefanya anasa.

Ubora una maana ya lishe pia, ingawa hapa nitapita haraka. Madini na vitamini vingi vya punje viko katika pumba na kiini, na kukoboa kunaviondoa. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuongeza lishe lazima aiingize ndani ya punje yenyewe. Kwa zinki imewezekana kwa uchavushaji wa kawaida, na Bangladesh ilitoa mbegu ya BRRI dhan62 mwaka 2013. Kwa vitamini A haikuwezekana hivyo, kwa sababu hakuna aina ya mpunga iliyo na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, katika sehemu nyeupe ya punje, na hapo ndipo ulipoanza mradi wa mchele wa dhahabu uliotumia uhandisi jeni. Ufilipino iliuidhinisha kulimwa mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya nchi hiyo ikausimamisha. Mjadala huo ni mpana na sitaki ule nafasi ya barua hii. Nitasema tu kwamba hata mchele wenye lishe bora kuliko wote utabaki ghalani ikiwa hauliki.

Haifai kuibebesha mbegu makosa yasiyo yake. Mpunga ulioachwa shambani hadi ukakauka kupita kiasi, kisha ukapata umande au mvua, hupata nyufa za ndani ambazo hazionekani mpaka ufike mashineni, na hakuna mtafiti atakayeziziba nyufa hizo. Kuvuna punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, kukausha polepole hadi 14, na kurekebisha mashine ya kukoboa ni mambo ya mkulima na mkobozi. Hata hivyo zipo aina ambazo punje zake hustahimili zaidi mabadiliko hayo ya unyevu. Cypress, iliyotolewa katika jimbo la Louisiana nchini Marekani mwaka 1992, ilisifika kwa hilo na ikatumiwa kama mzazi kwa sababu hiyo. Mbegu ya namna hii humpa mkulima muda wa kuchelewa siku chache bila kuadhibiwa vikali, na kwa mkulima asiye na mashine ya kukaushia siku hizo chache ni kitu kikubwa. Nimeshangaa kuona jinsi tabia hii inavyotafutwa kwa nadra.

Nafahamu pia kwamba hakuna ubora mmoja kwa walaji wote. Wali laini wenye amilosi kidogo humeng'enywa upesi na kupandisha sukari katika damu haraka kuliko wali wenye amilosi nyingi, kwa hiyo kinachomfurahisha mlaji mmoja kinaweza kumwelemea mwingine mwenye kisukari. Hili linadai kwamba mtafiti aseme mapema anamtafutia nani mbegu, na awaulize watu hao kwa njia ya maana: awape wali wa kuonja, uliopikwa kwa kiasi kile kile cha maji, katika sahani zisizo na jina la mbegu, ukiwa moto na tena ukiwa umepoa. Nimeshuhudia majaribio ya kuonja yaliyofanywa kwa wali wa moto tu. Wali mgumu hujificha ukiwa na joto, kwa hiyo majaribio hayo yaliipitisha mbegu ambayo jioni ya siku ile ile isingepita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, moja kwa kamati zinazoidhinisha mbegu na moja kwako, Ndugu Mhariri. Kamati ziweke sharti kwamba hakuna mbegu ya mpunga itakayoidhinishwa bila kuchapishwa, pamoja na mavuno, asilimia ya punje nzima, asilimia ya punje zenye ukungu mweupe, kiwango cha amilosi, joto la kuiva kwa wanga na matokeo ya kuonja, vyote kutoka maeneo zaidi ya moja na misimu zaidi ya mmoja. Nasisitiza maeneo na misimu kwa sababu baadhi ya maumbo ya jeni ya Waxy huzalisha amilosi zaidi punje zinapojazwa wakati wa baridi, na mbegu iliyopimwa mahali pamoja inaweza kuwa na wali tofauti kabisa mahali pengine. Kamati nyingi hupokea baadhi ya takwimu hizi hata sasa. Tatizo ni kwamba hubaki katika majalada, na anayenunua mbegu dukani hazioni.

Kwa upande wako, naomba waandishi wako wa kilimo wanapoalikwa kwenye uzinduzi wa mbegu mpya waulize asilimia ya punje nzima kabla ya kuuliza tani, na jibu walichape hata kama ni "hatujapima". Wakiweza, waombe pia kilo moja ya mchele huo waende kuupika wenyewe, wale nusu jioni na nusu wailaze hadi asubuhi, ndipo waandike.

Wako,
Msomaji, mtaalamu wa maabara ya nafaka